Cheti cha usajili hakithibitishi kwamba kazi ipo

Kwenye magrupu ya WhatsApp kuna ujumbe unaorudi kila mara: kampuni ikiwa na cheti cha usajili, ajira zake ni za kweli, lipia fomu bila wasiwasi. Si kweli. Cheti huonyesha tu kwamba kampuni imeandikishwa. Hakisemi kama inaajiri, wala kama aliyekutumia picha ya cheti ni mtu wake.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu ya muhuri, na pia kwa sababu namba ya usajili ukiitafuta kwenye daftari la msajili wa kampuni mtandaoni unaikuta. Ipo kweli, lakini ni ya kampuni, si ya aliyekuandikia. Kwa hiyo usipige simu iliyo kwenye tangazo. Tafuta namba kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, au fika ofisini, uulize kama nafasi hiyo ipo. Kagua na barua pepe: herufi moja iliyozidi kwenye jina la kampuni baada ya alama ya @ inatosha kukushtua.

Ukiombwa hela ya usaili, hata elfu tano, acha. Mtafuta kazi mara nyingi elfu tano hiyo ameikopa. Tafadhali, ujumbe huo wa cheti ukikufikia, usiusambaze.