Simpsons "walitabiri"? Ngoja nikuonyeshe utani unavyofichwa

Picha ya Donald Trump wa katuni akishuka kwa ngazi ya umeme bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na maelezo yaleyale: The Simpsons, katuni ya runinga ya Marekani, walijua tukio hilo tangu mwaka 2000. Hawakujua. Picha hiyo imetoka kwenye kikatuni kifupi cha Julai 2015, na Trump mwenyewe alishuka ngazi za jengo lake pale New York, kwenda kutangaza kwamba anagombea urais, tarehe 16 Juni 2015. Waliona habari, wakachora.

Kilichorushwa mwaka 2000, Machi 19, ni kitu kingine. Lisa, binti wa familia ya Simpson, sasa mtu mzima, ni rais wa Marekani, na analalamika kwamba Rais Trump amemwachia bajeti yenye pengo. Ni kauli moja tu, inapita. Na hata hiyo haikuokotwa hewani: Oktoba 1999 Trump alitangaza kwamba anafikiria kugombea urais kupitia chama cha Reform Party, akajitoa Februari 2000. Jina lake lilikuwa midomoni mwa watu.

Kazi yangu ni kuandika skripti za katuni, na habari hizi za utabiri huniudhi kidogo kwa sababu zinawanyima waandishi wale sifa ya kazi waliyoifanya hasa. Wao si waaguzi. Ni watu wenye kumbukumbu kali ya filamu, muziki, siasa na hisabati, wanaojua kuchomeka dokezo mahali ambapo halimkwazi mtu.

Kuna sababu ya kiufundi inayowafanya waangalie nyuma zaidi kuliko mbele. Sehemu moja ya Simpsons huchukua zaidi ya nusu mwaka kutoka skripti hadi runingani. Ukitania habari ya wiki hii, itakaporushwa watu wameshaisahau. South Park, katuni nyingine ya Marekani, wanaokamilisha sehemu ndani ya wiki, wanaweza kucheza na habari ya juzi. Simpsons hushika vitu vilivyokwisha kukaa vichwani mwa watu. Ile sehemu maarufu ya treni ya reli moja, aliyoiandika Conan O'Brien na kurushwa Januari 1993, imeegemea The Music Man, tamthilia ya Broadway ya 1957.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Cape Feare, ya Oktoba 1993. Mhalifu Sideshow Bob ametoka jela na anamwinda Bart, kaka yake Lisa. Kisa chenyewe kimeazimwa kutoka filamu ya Cape Fear ya Martin Scorsese, ya 1991. Sasa simamisha picha pale ngumi za Bob zinapoonekana. Moja ina tatuu LUV, nyingine HĀT. Asili yake ni LOVE na HATE, upendo na chuki, zilizokuwa vidoleni mwa mwigizaji Robert Mitchum katika filamu ya The Night of the Hunter ya 1955, na Mitchum huyohuyo ndiye mhalifu wa Cape Fear ya kwanza, ya 1962. Lakini Bob, kama wenzake wote mtaani Springfield, ana vidole vinne kwa kila mkono. Ukiondoa gumba vinabaki vitatu, na herufi nne hazienei. Ndipo neno moja likaandikwa kihuni, na lile la pili likawekewa kistari cha kamusi juu ya A, lisije likasomeka HAT, yaani "kofia". Utani wote huo umekaa kwenye vifundo vya vidole, kwa sekunde chache.

Mtoto wa miaka minane hana habari na Mitchum. Yeye anacheka kwa sababu Bob anakanyaga reki, mpini unampiga usoni, anageuka, anakanyaga nyingine, mara tisa. (Reki zenyewe ziliongezwa kwa sababu sehemu ilitoka fupi.) Mimi napima dokezo hivyo: anayejua apate ziada, asiyejua asihisi kwamba mlango umefungwa usoni pake.

Hisabati ndiko wanakofanya uchokozi wa makusudi. David X. Cohen, mmoja wa waandishi, aliyesomea fizikia Harvard kabla ya kugeukia vichekesho, aliandika programu ya kompyuta kwa ajili ya utani mmoja tu. Katika sehemu ya Halloween ya 1995, Homer, baba wa familia, anaingia dunia ya vipimo vitatu, na nyuma yake inaelea hesabu hii: 1782 kwa kipeo cha 12, jumlisha 1841 kwa kipeo cha 12, ni sawa na 1922 kwa kipeo cha 12. Ukiijaribu kwenye kikokotoo cha tarakimu kumi, inakubali! Wakati mwanahisabati Andrew Wiles alikuwa amechapisha mwaka uleule uthibitisho kwamba hesabu ya namna hiyo, kwa namba kamili na kipeo kinachozidi mbili, haiwezekani. Huhitaji kumsoma Wiles kuunasa uongo. Namba ya kwanza ni shufwa, ya pili ni witiri, kwa hiyo jumla lazima iwe witiri. 1922 ni shufwa.

Mwaka 1998 Homer akaandika nyingine ubaoni, 3987 na 4365 upande mmoja, 4472 upande wa pili, kipeo kilekile. Mtego wa shufwa na witiri hapa haufanyi kazi. Jaribu kugawanya kwa tatu: zile mbili zinagawanyika, 4472 haigawanyiki.

Sisi nasi tumo. Tarehe 1 Aprili 2001 familia ile ilikuja safari Tanzania. Kwa maoni yangu ni sehemu dhaifu, maana inaidhihaki Afrika ya filamu za zamani zaidi kuliko nchi tunayoijua. Ila tangazo la ndege linachekesha: tunatua Tanzania, samahani, sasa inaitwa New Zanzibar, samahani tena, ni Pepsi Presents New Zanzibar. Mtazamaji wa 2001 alikuwa bado anakumbuka Zaire ikiitwa Kongo mwaka 1997. Anayeujua Muungano wa Aprili 1964 anajua pia kwamba Zanzibar ilikwishaingia kwenye jina letu zamani.

Halafu yupo Dk. Joan Bushwell, mtafiti wa sokwe, ambaye wala hahitaji maelezo kwa mtu wa Kigoma. Ni Jane Goodall, mtafiti wa kweli wa sokwe, aliyefika Gombe, Kigoma, mwaka 1960, ila huyu wa katuni anawachimbisha sokwe wake almasi. Almasi za Tanzania ziko Mwadui, Shinyanga, mbali kabisa na Ziwa Tanganyika, lakini waandishi hawakujali ramani. Na Goodall? Mwaka 2019 alikwenda kuigiza sauti yake mwenyewe kwenye Simpsons.