Hisa za teknolojia zikishuka, si lazima zirudi

Kila hisa za teknolojia za Marekani zinapoyumba, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: "Zimeshuka asilimia 20, sasa ni rahisi. Nunua, lazima zirudi."

Hakuna lazima hiyo. Faharasa ya Nasdaq Composite, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa za soko la Nasdaq la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifunga kileleni Machi 10, 2000, ikiwa na pointi 5,048. Oktoba 9, 2002 ilikuwa 1,114, hasara ya takriban asilimia 78. Kilele kile ilikivuka mwaka 2015. Tena hiyo ni faharasa: kampuni zilizofilisika huondoka na nyingine huingia, hivyo faharasa inaweza kupona huku hisa uliyoishika wewe ikiwa imekufa kabisa.

Hesabu nayo hupotosha. Hisa ya dola 100 ikishuka asilimia 50 hubaki dola 50. Ili irudi ilipokuwa, inahitaji kupanda asilimia 100.

Kwa desturi ya masoko, anguko la asilimia 10 kutoka kilele cha karibuni huitwa marekebisho. Lipime mwenyewe: toa bei ya leo kwenye bei ya kilele, gawa kwa bei ya kilele, zidisha kwa 100. Urahisi wa bei ni jambo jingine. Gawa bei kwa faida ya mwaka ya kila hisa, kisha linganisha na miaka iliyopita.

Wengi wanakumbuka 2020, soko lilipopona ndani ya miezi michache, wakadhani ndiyo kanuni. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Anayeusoma huenda akaweka karo ya watoto kwenye hisa hizo.