Barabara ya jimbo ni nini? Tuiangalie Nevada 375

Ukifungua ramani ya Marekani utaona barabara zimejaa namba. Baadhi ni za mfumo wa taifa zima, nyingine ni za jimbo, na kaunti nazo zina zao. Barabara ya jimbo ni ile iliyopewa namba na jimbo lenyewe, na jimbo ndilo linaloitengeneza. (Jimbo hapa si lile la mbunge wa kwetu, ni lile lenye gavana.) Wisconsin ndiyo iliyotangulia kuzipa barabara zake namba, mwaka 1918. Namba za taifa, zile zinazoanza na US, zilifuata mwaka 1926.

Namba ya jimbo kwa kawaida huishia mpakani. Ng'ambo ya pili barabara ni ileile, lami ileile, ila jina jipya. Mara chache majimbo hupatana: kando ya Ziwa Tahoe, Nevada na California zote zinatumia 28.

Baadhi ya barabara za aina hii hupita nyikani kuunganisha njia kubwa mbili, na Nevada 375 ni hivyo hasa. Inaanzia Crystal Springs, kwenye barabara ya jimbo namba 318 karibu na US 93, inakwenda kaskazini-magharibi maili 98, yaani kilomita 158 hivi, hadi Warm Springs kwenye US 6. Katikati kuna kijiji kimoja tu, Rachel, chenye wakazi wachache mno. Zamani ilikuwa sehemu ya barabara namba 25, iliyoendelea mashariki hadi mpaka wa Utah. Nevada ilipoanza kupanga upya namba zake mwaka 1976, ile 25 ikakatwakatwa: kipande hiki kikawa 375, na kile cha kutoka Panaca hadi Utah kikawa 319.

Ingebaki hivyo, haijulikani na mtu, lau isingepita karibu na kambi ya siri ya jeshi la anga iitwayo Area 51. Watu wakaanza kuja kutazama mbingu usiku, wakitafuta visahani virukavyo. Serikali ya jimbo ikanusa biashara: mwaka 1996 ikaipa rasmi jina la Barabara Kuu ya Viumbe wa Anga za Mbali. Kibao chake kimebandikwa stika na watalii hata maandishi hayasomeki vizuri.

Dereva wa huko, lakini, hahofii viumbe hao. Anahofia ng'ombe, maana malisho hayana uzio na usiku hulala juu ya lami.