Urani ya Port Hope na deni ambalo Kanada bado inalikwepa

Watu wengi wakisikia bomu la atomiki huwaza Marekani peke yake: maabara ya Los Alamos, ndege ya Enola Gay, Rais Truman. Mimi ni mwanahistoria wa uchimbaji madini, kwa hiyo huanzia nyuma kidogo, kwenye mawe yenyewe. Ukiyafuata mawe yale utafika Port Hope, mji mdogo ulio ufukweni mwa Ziwa Ontario nchini Kanada, yapata kilomita 100 mashariki mwa Toronto. Katika kiwanda cha mji ule, urani iliyochimbwa karibu na Aktiki ilisafishwa mahali pamoja na urani iliyochimbwa Katanga, kusini mwa Kongo, na vibarua waliokuwa wakisemezana kwa Kiswahili. Ndiyo maana naandika habari hii kwa lugha hii.

Kisa kinaanzia mwaka 1930, mtafuta madini Gilbert LaBine alipogundua mwamba wenye radiamu na urani pembeni mwa Ziwa Great Bear, kaskazini ya mbali ya Kanada. Wakati huo kilichotafutwa ni radiamu. Ilitumika kutibu saratani, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Urani ilikuwa masalia tu. Kampuni ya Eldorado ikafungua mgodi huko, mahali palipokuja kuitwa Port Radium, na kiwanda cha kusafishia kikajengwa Port Hope. Mwaka 1940 soko likaanguka, mgodi ukafungwa.

Mwaka 1942 ukafunguliwa tena, kimyakimya. Wanafizikia walikuwa wameshajua kwamba kiini cha atomu ya urani kinaweza kupasuliwa, na Marekani ilitaka urani kwa mamia ya tani. Waziri wa Silaha na Mahitaji ya Vita wa Kanada, C.D. Howe, akaanza kununua hisa za Eldorado kwa siri kwa niaba ya serikali. Januari 1944 kampuni nzima ikatangazwa kuwa shirika la umma. Msomaji naomba alikumbuke hili, kwa sababu huko mbele tutalihitaji: urani ilipokuwa ikielekea kwenye mabomu, mwenye kiwanda alikuwa serikali ya Kanada.

Sasa tuje Katanga. Mgodi wa Shinkolobwe, mali ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, ulikuwa na urani ambayo dunia haikuwa imeiona mfano wake. Mgodi wa kawaida huhesabika mzuri urani ikifika hata asilimia moja ya mawe yake. Mawe bora ya Shinkolobwe yalifika asilimia 65. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, aliogopa yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani, na mwaka 1940 akasafirisha takriban tani 1,200 hadi Staten Island, New York. Jeshi la Marekani lilipoyanunua, lilikuwa na mawe lakini halikuwa na viwanda vya kutosha vya kuyasafisha. Port Hope palikuwa na mafundi waliokwisha kuifanya kazi hiyo kwa miaka karibu kumi, kwa hiyo sehemu ya mzigo wa Kongo ikapelekwa huko.

Wanafunzi wangu huuliza: je, ndani ya bomu la Hiroshima kulikuwa na urani ya Kanada, au ya Kongo tu? Swali la haki kabisa, na Wakanada wengi hulitumia kujitoa lawamani. Hebu tutazame jinsi bomu lenyewe lilivyotengenezwa.

Urani ya asili ina aina mbili kuu za atomu. Ile inayofaa kwa bomu, urani-235, ni asilimia 0.7 tu. Ili kuitenga, Wamarekani walijenga viwanda vikubwa sana Oak Ridge, Tennessee. Bomu la Hiroshima lilibeba takriban kilo 64 za urani iliyorutubishwa kwa njia hiyo. Bomu la Nagasaki lilitumia plutoniamu, yapata kilo 6, iliyotengenezwa kwa kuichoma urani ya asili ndani ya vinu vya nyuklia vya Hanford, jimbo la Washington. Njia zote mbili zilianza na urani iliyosafishwa kutoka Kongo, Marekani na Kanada, na sehemu kubwa kabisa ilitoka Kongo. Ni kama mahindi ya wakulima watatu yaliyomwagwa kwenye mashine moja ya kusaga: unga ukishatoka, hakuna awezaye kusema sima hii imetoka shamba la nani. Hoja ya Wakanada kwamba huenda atomu zao hazikuwemo haina uzito. Mradi ulikuwa mmoja, na Kanada ilishiriki kwa mawe yake yenyewe na vilevile kwa kusafisha mawe ya wengine.

Wala haikushiriki kwa mawe tu. Huko Montreal kulikuwa na maabara ya pamoja ya Waingereza na Wakanada iliyochunguza vinu vya kuzalisha plutoniamu. Huko Trail, British Columbia, yalitengenezwa maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito yanayotumika katika vinu vya nyuklia, kwa ajili ya mradi huohuo. Louis Slotin, mzaliwa wa Winnipeg, alikuwa miongoni mwa walioshika kwa mikono yao wenyewe kiini cha bomu la majaribio huko New Mexico, Julai 1945. Mwaka uliofuata aliuawa na mionzi katika ajali ya maabara.

Nani alijua? Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Waziri Mkuu Mackenzie King alielezwa habari za bomu Juni 1942. Howe alijua. C.J. Mackenzie, mkuu wa Baraza la Taifa la Utafiti, alijua. Agosti 1943 Rais Roosevelt wa Marekani na Waziri Mkuu Churchill wa Uingereza walikutana mjini Quebec, King akiwa mwenyeji wao, na wakatia saini mapatano ya siri: bomu lisitumike dhidi ya taifa lingine bila ridhaa ya pande zote mbili. Kanada haikutia saini, lakini ilipewa kiti katika kamati ya pamoja ya kusimamia mradi, na Howe ndiye aliyekikalia. Julai 1945, ridhaa ya Uingereza ya kulitumia bomu dhidi ya Japani iliwasilishwa katika kamati hiyohiyo. Sisemi kwamba Kanada ingeweza kuizuia Marekani. Haikuwa na nguvu hiyo. Nasema viongozi wake walikuwa chumbani, na hakuna kumbukumbu niliyowahi kuiona inayoonyesha mmoja wao akiuliza ni watu gani wanaoishi katika miji ile.

Badala yake tuna shajara ya King. Tarehe 6 Agosti 1945, siku zilipofika habari za Hiroshima, aliandika kwamba ni bahati njema bomu limetumika juu ya Wajapani badala ya watu weupe wa Ulaya. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na bado hunichoma. Serikali yake ndiyo iliyokuwa imewang'oa raia na wakazi wa asili ya Kijapani wapatao 22,000 kutoka pwani ya magharibi, ikawafungia kambini na kuuza nyumba, mashamba na mashua zao. Shajara ile haikuwa kauli iliyomponyoka mzee aliyechoka. Ilikwenda sambamba na sera.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Kanada ilipeleka karibu wanajeshi 2,000 kuilinda Hong Kong mwaka 1941. Waliosalimika walitekwa na Wajapani, wakateswa na kushindishwa njaa. Zaidi ya 500 hawakurudi nyumbani. Familia zao husema bomu liliwaokoa waliobaki. Mradi ulianza pia kwa hofu ya kweli kwamba Hitler angetangulia kupata bomu, na ningekuwa Ottawa, makao ya serikali ya Kanada, mwaka 1942 hofu hiyo ingenishika na mimi. Lakini Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Mwanafizikia Joseph Rotblat alikuwa ameshaondoka Los Alamos miezi kadhaa kabla, alipotambua kwamba Wajerumani hawana bomu. Mlango wa kutokea ulikuwepo. Kufikia mwisho wa mwaka 1945, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na wengine takriban 70,000 Nagasaki, wengi wao raia.

Sasa niwatazame wale ambao hawakuwa chumbani. Urani ya Port Radium ilikuwa ikisafiri zaidi ya kilomita 2,000 kwa maji kabla ya kufika kwenye reli huko Alberta. Ilitiwa kwenye magunia ya kitambaa yenye uzito wa karibu kilo 45 kila moja. Matishari yaliivusha ziwani, kisha yakashuka nayo Mto Great Bear. Mahali penye maporomoko mzigo ulishushwa, ukavushwa nchi kavu, ukapakiwa upya. Wabebaji wengi walikuwa wanaume wa Kidene wa Sahtu, wenyeji wa eneo hilo, ambao makao yao leo ni kijiji cha Déline. Walibeba magunia mabegani. Safarini walikaa juu yake, wakalala juu yake. Vumbi lilipenya kitambaa na kuwaganda shingoni na kwenye nguo, wakarudi nalo kwa wake na watoto wao. Wazee husimulia kwamba magunia yaliyochakaa yalishonwa kuwa mahema. Sisi tuliosoma historia ya misafara ya kutoka pwani kwenda bara tunamjua mpagazi wa namna hii: abebaye mali asiyoijua, kwa bei asiyopanga, kwenda mahali asipopachagua.

Hakuna aliyewaambia kuna hatari, ingawa ilishajulikana. Tangu 1879 madaktari wa Schneeberg, Ujerumani, walikuwa wameandika kuhusu ugonjwa wa mapafu uliokuwa ukiwaua wachimbaji wa mawe ya aina hiyo. Idara ya Madini ya Kanada yenyewe ilitoa tahadhari kuhusu kazi za radiamu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wanaume wa Déline walianza kufa kwa saratani miaka ya baadaye, kiasi kwamba kijiji kikaja kuitwa kijiji cha wajane.

Mwaka 2005 uchunguzi wa pamoja wa serikali na Déline ulihitimisha kwamba haiwezekani kuthibitisha kisayansi kuwa vifo vile vilitokana na urani. Magazeti yakaandika kana kwamba Wadene wamekosea, na hapo msomaji anapaswa kuwa makini. Kijiji cha watu mia kadhaa hakina vifo vya kutosha kwa hesabu za namna hiyo, hata sumu ingekuwa kali vipi. Tena hakuna aliyepima vumbi walilovuta wabebaji. Kukosekana kwa vipimo ni kosa la aliyepaswa kupima. Pale palipokuwa na kumbukumbu, yaani kwa wafanyakazi wa Eldorado wenyewe, watafiti waliofuatilia maelfu yao walikuta vifo vya saratani ya mapafu vikipanda kadiri mtu alivyovuta kwa wingi radoni, gesi yenye mionzi itokayo kwenye mawe ya urani.

Agosti 1998 wajumbe kutoka Déline walisafiri hadi Hiroshima kuhudhuria kumbukumbu ya bomu na kukutana na manusura. Waliwaomba radhi. Walisema hawakujua mzigo waliobeba ungefanya nini, lakini mzigo ulitoka kwenye ardhi yao. Waliodanganywa ndio waliokwenda kuomba radhi. Waliojua walikufa na heshima zao. Howe, alipotangaza mchango wa Kanada Agosti ile ya 1945, aliutangaza kwa fahari.

Eldorado iliunganishwa na kampuni nyingine mwaka 1988 ikazaliwa Cameco, na madeni yake ya zamani ya mazingira yakabaki kwa serikali ya shirikisho. Taka zenye mionzi zilikuwa zimezagaa Port Hope: chini ya nyumba, katika mabonde, hata shuleni, ambako radoni iligunduliwa mwaka 1975. Mwaka 2012 serikali ikatenga dola za Kanada bilioni 1.28 kusafisha mji huo na eneo jirani. Nawafurahia watu wa Port Hope, wanastahili. Lakini tazama maana yake: Ottawa imekubali kwamba udongo uliochafuliwa na Eldorado ni jukumu lake. Kwa nini jukumu hilo liishie kwenye udongo wa Ontario?

Setsuko Thurlow alikuwa na miaka 13 bomu lilipoanguka Hiroshima. Ameishi Toronto kwa miongo mingi, na mwaka 2017 alisimama Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani kwa niaba ya kampeni ya kimataifa ya kutokomeza silaha za nyuklia. Mwaka 2020 alimwandikia Waziri Mkuu Justin Trudeau akimwomba Kanada ikiri ushiriki wake na kueleza masikitiko. Si jambo geni kwa nchi hiyo. Mwaka 1988 iliwaomba radhi rasmi Wakanada wa asili ya Kijapani kwa kambi zile, ikawalipa fidia.

Mimi ningeongeza Katanga. Déline angalau ilipata uchunguzi, hata kama haukutosha. Wachimbaji wa Shinkolobwe, waliochambua mawe yenye mionzi mikali zaidi kuliko yoyote ya Great Bear, wengi wao kwa mikono mitupu, hawajapata kitu cha kulinganisha. Mgodi wao ulikuwa siri kiasi cha jina lake kufutwa kwenye ramani, na mwaka 2004 ukawaporomokea na kuwaua wachimbaji wadogo waliokuwa bado wakipenya humo. Ubelgiji ina deni kubwa zaidi huko, na Marekani pia. Lakini nyaraka za Eldorado, shirika la umma, zinahusu kazi iliyofanywa kwa mawe ya Shinkolobwe. Kanada ina wataalamu wa afya ya mionzi wa kiwango cha juu kabisa na ina fedha. Inaweza kukaa na watafiti wa Lubumbashi, kuwasikiliza wazee na wajane wa Katanga kwa Kiswahili chao, na kugharamia uchunguzi wa maji na udongo wa Shinkolobwe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeshauridhia mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia. Kanada bado haijausaini.