Wagiriki na Warumi wa kale walitoaje nongo bila sabuni? Maswali na majibu

Ni kweli hawakutumia sabuni?

Ni kweli, kwa kuogea mwili. Walijipaka mafuta ya zeituni, wakafanya mazoezi au wakakaa kwenye joto mpaka jasho litiririke, kisha wakajikwangua kwa strigili: chombo cha shaba au chuma chenye mpini na ulimi uliopinda kama mundu mdogo, wenye mfereji katikati. Unauvuta kutoka begani kushuka mkononi. Mafuta, jasho, vumbi na nongo vinaingia mferejini, unakung'uta, unarudia. Kijana wa Kigiriki aliyekwenda uwanja wa mazoezi alibeba strigili na kichupa chake cha mafuta. Sabuni waliijua baadaye: katika karne ya 1, Pliny, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba Wagalli, watu wa eneo la Ufaransa ya leo, waliitengeneza kwa mafuta ya wanyama na majivu, ila ilikuwa ya nywele.

Mafuta yanawezaje kumsafisha mtu?

Nongo ni ngozi iliyokufa iliyoshikana na mafuta ya mwili na vumbi. Mafuta huyeyusha mafuta. Ndiyo maana mwenye grisi mikononi akijisugua kwanza kwa mafuta ya kupikia, grisi hulegea. Kwa hiyo strigili ilifanya kazi kweli, nami naiheshimu.

Haikuchubua ngozi?

Ikizidishwa, ndiyo. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mfalme Augusto wa Roma alikuwa na mabaka magumu mwilini, mfano wa choa, kwa sababu ya kuwashwa na kujikwangua mno. Ndivyo inavyokuwa kwa anayejisugua kwa dodoki gumu au jiwe la miguu kila siku hadi ngozi inawaka. Ngozi inayowasha inahitaji uchunguzi na mafuta laini. Ukizidi kuisugua unaiumiza.

Basi mahamamu yao, yaani nyumba za kuogea za umma, yaliwapa afya?

Hapa ndipo penye kasoro. Majengo yalikuwa ya ajabu: hamamu ya Caracalla mjini Roma ilifunguliwa mwaka 216, na hewa ya moto ilipita chini ya sakafu. Hata hamamu ya Hamamni, Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash, ilipashwa moto kwa chini. Lakini fikiria bwawa la Roma lisilo na klorini, watu wengi wakishuka na mafuta yao, na wagonjwa pia wamo, kwa kuwa matabibu waliwaagiza kuoga. Mtawala Marcus Aurelius aliutaja uogaji kuwa mafuta, jasho, uchafu na maji yenye utando, vyote vya kuchukiza. Watafiti wanaochimba makazi ya Warumi hukuta mayai ya minyoo ya matumbo, yaani minyoo mviringo (Ascaris) na minyoo mjeledi, licha ya mahamamu na vyoo vyote vile. Mwili uling'aa, lakini maji ya kushirikiana yangeweza kumhamishia mwingine ugonjwa.

Nina kidonda. Niingie bwawani?

Usiingie. Celsus, mwandishi wa tiba wa Kirumi, alionya hivyo hivyo: hamamu hulowesha na kuchafua kidonda ambacho bado hakijawa safi, nacho huweza kuoza. Subiri kifunge, na nyumbani ukioshe kwa maji safi yanayotiririka. Anayeharisha naye, mtoto au mtu mzima, asiingie mpaka kuhara kukome kabisa, na wembe na taulo kila mtu awe na vyake.