Sintesaiza ya analogi: unalipia nini hasa?
Sintesaiza ya analogi ni ala inayotengeneza sauti kwa saketi za umeme. Wengi huamini kwamba programu ya kompyuta inayoiiga haiwezi kuifikia kwa sababu dijitali huikata sauti vipande vipande, mfano wa ngazi. Si kweli. Kigeuzi kinachopeleka sauti kwenye spika hutoa wimbi laini. Hakuna ngazi inayofika masikioni.

Kasoro ya programu za zamani ilikuwa nyingine. Masafa ya sauti yaliyozidi uwezo wa sampuli, yaani vipimo vya sauti ambavyo kompyuta huchukua kila sekunde, yalijirudi chini, yakawa milio ya ajabu isiyopatana na noti. Vichujio, yaani sehemu za sintesaiza zinazopunguza baadhi ya masafa, navyo viliigwa kwa hesabu nyepesi mno, maana kompyuta zilikuwa dhaifu. Leo programu nzuri hukokotoa kwa kasi kubwa zaidi, na milio ile haisikiki tena.

Minimoog Model D, sintesaiza maarufu ya analogi, ilitoka mwaka 1970, na hupiga noti moja tu kwa wakati. Toleo lake la 2022 liliuzwa karibu dola 5,000 za Marekani. Programu inayoiiga hugharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kinacholipiwa hasa ni vitufe vya kuzungusha kwa mkono, na kwa mpigaji wa jukwaani hivyo vina thamani kubwa. Lakini wewe unayerekodi chumbani, nakusihi, nunua kwanza spika nzuri.