Muwasho na Hali ya Kuchoma Sehemu ya Nje ya Uke: Husababishwa na Nini?

Muwasho wa mashavu ya uke na ngozi inayouzunguka mlango wake ni dalili tu, na maradhi yanayoweza kuuleta ni mengi. Hata hivyo, katika maduka ya dawa ya Nairobi, iwe Githurai au Kawangware, si ajabu mwanamke anayenong'ona kwamba anawashwa kuuziwa dawa ya fangasi ya kuingiza ukeni kabla hajaulizwa swali lolote.

Fangasi kweli ni chanzo kikubwa. Kandida, aina ya fangasi, huweza kuishi ukeni bila kumsumbua mtu, lakini huzidi wakati wa ujauzito, sukari ya damu inapopanda, au baada ya dozi ya antibiotiki kuua bakteria wanaoulinda uke. Ute huwa mweupe na mzito kama maziwa yaliyoganda, hauna harufu kali, na mkojo huchoma unapopita juu ya ngozi iliyochubuka. Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki huelekeza kwa bakteria wengine waliozidi ukeni, ambao dawa ya fangasi haiwagusi, ilhali ute wa manjano au kijani wenye povu huweza kuwa trikomona, ugonjwa wa zinaa ambao mwenzi naye hana budi kutibiwa.

Chanzo kinachosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni usafi uliopita kiasi. Sabuni ya manukato, dawa ya kuua viini iliyomiminwa kwenye beseni, pedi zenye marashi, hata sabuni ya unga iliyobaki kwenye chupi kwa sababu maji ni ya mgao na hayakutosha kusuuzia, vyote huichokoza ngozi hii laini. Inapowasha, mwenyewe hudhani ni uchafu, huongeza sabuni, na muwasho huzidi. Nje panatosha kuoshwa kwa maji ya vuguvugu. Ndani hapahitaji kuoshwa kabisa, kwani asidi ya uke, yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 3.8 hadi 4.5, ndiyo inayozuia vijidudu.

Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua na ngozi hukauka na kuchoma. Mabaka meupe yanayowasha sana, hasa usiku, huweza kuwa laikeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, unaotibiwa kwa krimu kali ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, na kufuatiliwa kwa miaka, kwa kuwa mara chache huzaa saratani. Malengelenge yanayopasuka na kuwa vidonda huashiria hepesi, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na virusi. Kuna pia vulvodinia, yaani maumivu ya kuchoma yanayodumu miezi 3 au zaidi bila chanzo kuonekana. Aliye nayo hajitungii ugonjwa.

Mjamzito, mwenye vidonda au uvimbe, na yule ambaye muwasho humrudia mara kwa mara wanahitaji kuangaliwa na kupimwa ute, na huyu wa mwisho apimwe sukari pia. Siku ya kwenda kliniki ni vyema asijipake krimu yoyote, na abebe pakiti za dawa alizokwisha kutumia.